MDOMO SUNGURA SI UCHAWI
Tujifunze asili yake, na njia ya kumsaidia mtoto

Mara moja moja katika vijiji na mitaa yetu huzaliwa mtoto ambaye mdomo wake wa juu umepasuka. Watu husema mtoto huyo ana mdomo sungura. Mtoto mwingine huzaliwa na mdomo mzima, lakini kaakaa lake, yaani dari ya kinywa, lina tundu. Mwingine huzaliwa na yote mawili.

Mtoto wa namna hiyo akizaliwa, maneno huanza. Wako wanaosema mama amerogwa. Wako wanaosema alimcheka kilema wakati wa mimba. Wengine husema ametoka nje ya ndoa. Mama huona aibu. Hujifungia ndani na mtoto wake. Haendi kliniki. Mtoto hanyonyi vizuri na anakonda. Siku za kumtibu zinapita.

Kwa hiyo maneno hayo si mchezo. Yanaweza kumpotezea mtoto maisha yake. Dawa yake ni elimu. Leo tutajifunza mambo matatu. Kwanza, mdomo sungura hutokeaje? Pili, je, ni ugonjwa wa kurithi? Tatu, wazazi wa Bunju, au wa kijiji kingine chochote, wafanye nini?

USO WA MTOTO HUUNGANISHWA TUMBONI

Pitisha kidole chako chini ya pua. Utagusa mfereji mdogo unaoshuka hadi kwenye mdomo. Kila mtu anao. Kingo mbili za mfereji huo ni alama. Zinaonyesha mahali ambapo vipande vya uso wako viliungana ulipokuwa tumboni mwa mama yako.

Sasa pitisha ulimi juu ya kaakaa, kutoka nyuma ya meno kwenda ndani. Katikati utagusa mstari. Hapo napo pande mbili zilikutana zikashikana.

Uso wa mtoto hauanzi ukiwa kitu kimoja. Huanza kama vipande vidogo. Vipande hivyo hukua, husogeleana na kushikana. Ni kama fundi anayeunganisha vipande vya kitambaa ili apate shati moja. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa huungana baadaye kidogo, kati ya wiki ya 6 na ya 9.

Vipande vikichelewa kukutana, au vikikutana bila kushikana, mwanya hubaki. Mwanya ukibaki kwenye mdomo, huo ndio mdomo sungura. Ukibaki kwenye kaakaa, huo ni mpasuko wa kaakaa.

Hebu fikiri juu ya wiki hizo. Katika wiki ya 5 au ya 6 akina mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kazi ya kuunganisha mdomo inakwisha kabla mama hajaanza kliniki. Basi, mama aliyemwona mtu mwenye mdomo sungura akiwa na mimba ya miezi mitano hawezi kumpasua mtoto mdomo kwa kumtazama. Mdomo wa mtoto ulikwisha kuungana, au ulikwisha kushindwa kuungana, zamani.

WANGAPI HUZALIWA HIVYO?

Jambo hili liko duniani kote. Liko kwa matajiri na kwa maskini. Kwa hesabu ya dunia nzima, karibu mtoto 1 katika kila watoto 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Katika nchi za Asia ni wengi zaidi, kama mtoto 1 katika kila 500. Kwa watu wenye asili ya Afrika ni wachache, kama 1 katika kila 2,500.

Wavulana hupata mpasuko wa mdomo kuliko wasichana. Lakini mpasuko wa kaakaa peke yake huwapata wasichana zaidi. Tena upande wa kushoto wa mdomo hupasuka mara nyingi kuliko upande wa kulia. Hata hapa Tanzania imeonekana hivyo. Taarifa juu ya wagonjwa wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyotolewa mwaka 2011, ilionyesha kwamba upande wa kushoto ndio uliopasuka zaidi.

Kama jambo hili lingekuwa la uchawi, lisingefuata hesabu namna hii. Jambo linalofuata hesabu lina sababu, na sababu hiyo inaweza kuchunguzwa.

KURITHI MAANA YAKE NINI?

Sote tunajua habari za kurithi. Mtoto hufanana na baba kwa macho, na mama kwa rangi. Ndama hufuata rangi ya fahali. Mkulima huchagua mahindi mazuri ya mbegu kwa sababu anajua kwamba mbegu hufuata asili yake.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Ndani ya kila chembe mna maagizo ya kuujenga mwili. Maagizo hayo huitwa jeni, au vinasaba. Yamepangwa juu ya nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu. Mtu ana kromosomu 46. Kati ya hizo, 23 zimetoka kwa baba na 23 zimetoka kwa mama.

Tafadhali soma tena mstari huo. Baba ametoa 23 na mama ametoa 23. Nusu kwa nusu. Mume anayesema, "Kwetu hakuna kitu hiki, umekileta wewe," hajui hesabu hiyo. Mtoto ni wa wote wawili. Maagizo yake pia ni ya wote wawili.

NDOO MOJA, VIKOMBE VINGI

Wafugaji wa kuku wanamjua kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Kishingo huletwa na jeni moja tu. Jeni hiyo ikiwamo, hata kutoka kwa mzazi mmoja, kifaranga huonyesha dalili shingoni.

Mdomo sungura mara nyingi haurithiwi kwa njia rahisi kama hiyo. Unahusu jeni nyingi, na kila moja ina nguvu kidogo.

Tuchukue mfano wa ndoo. Kila mtoto anapoanza kuumbwa, tuseme ana ndoo yake. Jeni fulani ya baba humimina kikombe kimoja cha maji. Jeni nyingine ya mama humimina kikombe cha pili. Jeni nyingine humimina cha tatu. Halafu mambo ya nje, kama moshi wa tumbaku, pombe, au dawa fulani, huongeza vikombe vingine. Ndoo isipojaa, mdomo huungana salama. Ndoo ikijaa na maji yakamwagika, mdomo haungani.

Baba anaweza kuwa na ndoo iliyojaa nusu. Mdomo wake ni mzima. Mama naye ana ndoo iliyojaa nusu. Mdomo wake ni mzima. Hakuna anayejua. Wanapopata mtoto, baadhi ya vikombe vya baba na baadhi ya vikombe vya mama hukutana katika ndoo moja. Inajaa na kumwagika. Ndiyo maana wazazi wasio na mdomo sungura, wala babu wala bibi mwenye mdomo sungura, wanaweza kumzaa mtoto mwenye mdomo sungura. Na mtoto huyo ni wao halisi.

USHAHIDI WA MAPACHA

Wataalamu wamejuaje kwamba urithi umo, na mambo mengine pia yamo? Waliwatazama mapacha.

Kuna mapacha waliotoka katika yai moja. Hao wanafanana kabisa, na jeni zao ni zilezile. Mmoja akiwa na mdomo sungura, mwenzake naye huwa nao katika karibu nusu ya mapacha hao. Mapacha wa mayai mawili ni kama ndugu wa kawaida. Mmoja akiwa nao, mwenzake huwa nao mara chache tu, kama 5 katika 100.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. Kama urithi haukuwamo, mapacha wa yai moja wasingewazidi wale wengine. Na kama urithi ndio ungekuwa kila kitu, wote wa yai moja wangekuwa sawa. Basi urithi umo, lakini hauko peke yake.

Wataalamu wameisoma habari hii kwa miaka mingi. Mwaka 1942 daktari Poul Fogh-Andersen wa Denmark alichunguza familia nyingi. Alionyesha kwamba mpasuko wa mdomo na mpasuko wa kaakaa peke yake hurithiwa kwa njia mbili tofauti. Mwaka 2019 kundi la wataalamu lililoongozwa na Azeez Butali, Mnijeria anayefanya kazi Marekani, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa jeni za watu wa Ghana, Ethiopia na Nigeria. Walipata sehemu mpya za jeni zinazohusika na mpasuko wa kaakaa.

Tanzania nayo imo katika kazi hiyo. Huko Mwanza watoto zaidi ya 3,000 walipigwa picha za uso na kupimwa jeni zao. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Yalionyesha baadhi ya jeni zinazohusika na ukubwa na umbo la uso. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Walitusaidia kuelewa jinsi uso wa mtu unavyojengwa.

JE, MTOTO WA PILI ATAKUWA HIVYO?

Hili ndilo swali ambalo wazazi huuliza kwa hofu. Wengine huacha kuzaa. Wengine huachana. Tutazame hesabu. Imetokana zaidi na familia za Ulaya na Marekani, lakini inatupa picha.

Wazazi wazima wakiwa na mtoto mmoja mwenye mdomo sungura, nafasi ya mtoto anayefuata kuwa hivyo ni kama 3 hadi 5 katika 100. Maana yake, katika watoto 100 wa namna hiyo, 95 au zaidi watazaliwa na mdomo mzima.

Mzazi mmoja akiwa na mdomo sungura, hesabu ya mtoto wake ni hiyohiyo, kama 3 hadi 5 katika 100. Kwa hiyo kijana mwenye mdomo sungura anaweza kuoa au kuolewa na kupata watoto wazima. Asikataliwe posa kwa sababu hiyo.

Ikiwa katika nyumba moja wako wawili, hesabu hupanda hadi kama 10 katika 100, au zaidi. Ndoa ya ndugu wa karibu, kama binamu, nayo huongeza kiasi, kwa sababu vikombe vyao vinafanana.

Kuna familia chache ambazo kwao mambo ni kama kuku wa kishingo. Jeni moja tu inatosha. Mwaka 2002 wataalamu waliitambua jeni hiyo, nayo inaitwa IRF6. Alama yake mara nyingi ni vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini. Mzazi anaweza kuwa na vishimo hivyo bila mpasuko wowote. Lakini nusu ya watoto wake, kwa wastani, huirithi jeni hiyo. Basi ukiona vishimo hivyo kwa mtoto au kwa mzazi, mwambie daktari.

MAMBO YANAYOWEZA KUPUNGUZWA

Jeni tulizozaliwa nazo hatuwezi kuzibadili. Lakini vikombe vingine vya ndoo vinaweza kuzuiwa.

Mama mjamzito asivute sigara, na watu wa nyumbani wasivute karibu naye. Asinywe pombe. Mama mwenye kisukari atibiwe vizuri kabla ya kushika mimba.

Baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Lakini sikiliza vizuri. Usiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wako mwenyewe. Kifafa kisichotibiwa kinaweza kumwua mama pamoja na mtoto. Mwone daktari mapema, kabla ya mimba, akuchagulie dawa inayofaa.

Madini ya chuma na vitamini ya foliki, vidonge ambavyo kliniki zetu huviita FEFO, ni vizuri sana. Huzuia upungufu wa damu. Vitamini ya foliki ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwa mimba, huzuia pia kasoro ya mgongo wazi. Kuhusu mdomo sungura, uchunguzi bado haujatoa jibu moja. Hata hivyo, vidonge hivyo na mboga za majani, kama mchicha na matembele, pamoja na maharage, ni akiba njema kwa mama.

MTOTO AKIZALIWA, TUFANYE NINI?

Kwanza, mkunga amtazame mtoto ndani ya kinywa kwa mwanga. Mpasuko wa kaakaa umejificha. Mdomo unaweza kuwa mzima na kaakaa likawa wazi. Mtoto akinyonya kwa shida, na maziwa yakatokea puani, mshuku kaakaa.

Wako wanaompeleka mtoto kama huyo kukatwa kimeo. Hilo ni kosa la hatari. Kisu cha kimeo hakizibi tundu. Huleta kutoka damu, donda na pepopunda. Tena kimeo cha mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa kinaweza kuwa kimegawanyika kutokana na mpasuko huohuo. Daktari wa upasuaji anakihitaji.

Pili, mtoto ashibe. Mwenye mpasuko wa mdomo tu mara nyingi anaweza kunyonya ziwa. Mwenye kaakaa wazi hupata shida, kwa sababu hawezi kuvuta maziwa. Mama akamue maziwa yake katika kikombe safi, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe kidogo au kijiko, polepole. Mtoto apakatwe akiwa ameinuka, asilazwe chali. Kisha acheuliwe. Muuguzi atamwonyesha mama jinsi ya kufanya.

Tatu, mtoto apimwe uzito kliniki kila mara. Uzito ndio ufunguo wa upasuaji. Mtoto aliyekonda hawezi kupewa dawa ya usingizi kwa usalama.

UPASUAJI UPO

Mdomo hushonwa mtoto akiwa na umri wa miezi 3 hivi, uzito wake ukiwa umefika kama kilo 5, na damu yake ikiwa ya kutosha. Kaakaa hushonwa baadaye, kati ya miezi 9 na 18.

Kwa nini kaakaa lisichelewe? Kwa sababu ya usemi. Kaakaa likiwa wazi, pumzi hutokea puani. Mtoto akitaka kusema "baba", husikika kama anasema "mama". Watu hudhani hana akili. Akili anayo. Kilichokosekana ni dari ya kinywa. Baada ya upasuaji, wengine huhitaji pia mazoezi ya kusema. Masikio nayo yapimwe, maana watoto hawa huugua masikio mara kwa mara.

Kwa mkazi wa Bunju safari si ndefu. Aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Apewe barua ya kwenda Mwananyamala, Muhimbili, au hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani. Ukishuka Barabara ya Bagamoyo kupita Boko na Tegeta hadi Mwenge, Msasani haiko mbali. Shirika la CCBRT lilianzishwa mwaka 1994. Kwa msaada wa wafadhili limewashona watoto wengi wenye mdomo sungura bila kuwatoza malipo. Kwa hiyo uliza kwanza. Usiuze kiwanja chako kabla hujauliza.

Je, aliyekwisha kuwa mtu mzima amechelewa? Hapana. Hata mtu mzima anaweza kushonwa mdomo. Kama jirani yako amefunika uso wake kwa kanga miaka yote, mpelekee habari hii.

WAJIBU WETU

Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Mtoto mwenye mdomo sungura hajalaaniwa. Mama yake hakukosa. Baba yake hakudanganywa. Vipande viwili vya uso havikushikana katika wiki chache za mwanzo. Fundi yupo wa kuvishikanisha.

Mjumbe wa mtaa, mkunga, mwalimu, shehe na mchungaji, kila mmoja ana kazi hapa. Akisikia mtoto amefichwa ndani, aende. Asiende kumshangaa mtoto. Aende kumwambia mama njia ya hospitali, na kumtafutia nauli ikiwa hana.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kaakaa: dari ya kinywa.
Jeni au vinasaba: maagizo ya kuujenga mwili, ambayo mtoto huyapata kwa wazazi wote wawili.
Kromosomu: nyuzi ndogo zinazobeba jeni.
Kimeo: kidaka tonge, kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mdomo wa mtoto huungana katika wiki zipi za mimba? Je, mama huwa amejua kwamba ana mimba?
2. Eleza mfano wa ndoo. Kwa nini wazazi wazima wanaweza kupata mtoto mwenye mdomo sungura?
3. Mtoto wa kwanza akiwa na mdomo sungura, wangapi katika watoto 100 wanaofuata wanaweza kuwa hivyo?
4. Kwa nini si vizuri kumkata kimeo mtoto anayetokwa maziwa puani?
5. Katika mtaa wenu yuko mtu mwenye mdomo sungura ambaye hajatibiwa? Nani atakwenda kuzungumza naye, na lini?